Roho Elfu za Dada Lien

Dada yangu Lien hajawahi kuomba ushauri tangu tukiwa wadogo. Yeye hutangaza. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia dukani kwangu na kukaa meza ya karibu na jiko bila kuvua kofia, nikajua jambo limeshaamuliwa, mimi naletewa habari tu.

"Jumamosi njoo darajani," akasema. "Na uvae nguo safi."

"Kuna nini darajani?"

"Naachilia samaki. Nimemwekea Mama Kuanyin wa hekaluni nadhiri. Roho elfu moja, naye anirudishie mume wangu Huo nyumbani."

Nilikuwa nakata tambi. Nikaweka kisu chini. Shemeji Huo alikuwa amelazwa hospitali ya mjini tangu kabla ya mwaka mpya, moyo umemchoka na mapafu yanajaa maji, na daktari alishaanza kuzungumza na dada kwa ile sauti ya chini wanayoitumia. Kuachilia viumbe kwa ajili ya mgonjwa ni jambo letu la siku nyingi. Unamnunua kiumbe ambaye angeishia sufuriani, unamsomea dua, unamwacha aende zake, na thawabu yake unampa umpendaye. Mimi mwenyewe niliwahi kufungulia shomoro kwa ajili ya mama yetu. Siwezi kumcheka anayefanya hivyo.

"Samaki gani?" nikauliza.

"Kambare. Wu anawafuga huko tambarare. Nimeshamlipa."

Nikakaa.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mto hapa Liutung, cheo nilichopewa kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa jikoni nawapikia waliochagua. Mto wetu tuliufunga, hakuna kuvua, baada ya wavuvi wa mabetri kuja kuupiga shoti ya umeme mpaka ukabaki mawe matupu. Samaki wake ni kuhua, mdogo, mwembamba, anayelamba ukungu wa kijani kwenye mawe. Akijigeuza kulamba, ubavu wake unawaka ndani ya maji mara moja, halafu humwoni tena. Ilichukua miaka mingi kuwaona wakiwaka tena pale darajani. Na kambare hula mayai ya kuhua, hula vitoto vyake, na akishamaliza bwawa moja hutambaa juu ya mawe kwenda la pili. Ukimwaga kambare elfu moja darajani, ule mto umekwisha.

Nikamweleza dada hayo yote. Nilieleza vizuri, kwa upole, na mimi upole si kazi yangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hela ya huo mto wenu imetoka wapi?"

Alikuwa anajua, na mimi najua. Kamati haina kitu. Tunaishi kwa kopo lililo pale karibu na mboga za chumvi, ambamo wateja hutupia chenji zao. Tunaishi kwa wanawake wa hekaluni, kundi la dada mwenyewe, wanaotuchangia kila sikukuu. Na zaidi ya wote tunaishi kwa Shemeji Huo. Kila mwaka akishauza chai ya kwanza ya majira ya kuchipua, huingia dukani na bahasha nyekundu, anaiweka mezani, anasema, "Hela ya maji." Neno hilo tu. Siku moja mteja alimwambia, mzee, maji si unalipia kampuni kila mwezi? Shemeji akamjibu, "Kampuni inaniuzia bomba. Maji yenyewe nani kayalipa?" Kwa bahasha zile tulimlipa mkulima wa tangawizi akaacha kulima ule mteremko wa juu, tukapanda miti. Kabla ya hapo kila mvua ilishusha udongo ukafukia mawe, na samaki wakakosa pa kutagia. Mafuta ya pikipiki za walinzi wa mto, miche, glavu, vyote ni yeye na watu kama yeye.

"Mume wangu ameulisha huo mto miaka yote," dada akasema. "Nilikuwa namwambia, Huo, unamwaga hela majini. Ananicheka. Haya. Leo mto umlipe."

"Dada, kambare wale watakula kila kitu alichokilipia."

"Wewe unahesabu vitoto vya samaki, Shun. Mimi nahesabu pumzi za mume wangu." Akainuka. "Ukitaka nenda ofisi ya wilaya ukanishtaki. Najua kuna faini. Nitailipa nikiwa nacheka."

Akatoka bila kula. Dada yangu hajawahi kutoka dukani kwangu bila kula.

Kumshtaki, nisingeweza. Kuna watu wanaweza kumpeleka ndugu yao ofisini mume akiwa kitandani na mpira puani. Mimi si mmoja wao, na sitaki kukaa nao meza moja. Lakini pia sikuweza kukaa tu nikingoja lori. Basi nikafunga duka, nikapanda basi la mchana, nikaenda hospitali. Nia yangu ilikuwa moja. Nimwambie Shemeji amkataze mkewe. Neno lake moja lingetosha.

Nilimkuta amekaa, mito imemwegemeza pande zote. Alikuwa amekonda, masharubu yake tu ndiyo yalibaki makubwa. Aliponiona akainua kidole kimoja, ndiyo salamu.

"Maji yamefika wapi?" akauliza. Hakuuliza habari za watu.

"Chini ya Jiwe la Kobe."

"Chini sana."

"Mvua imegoma tangu tuvune mapera, Shemeji."

Akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. "Basi wameshakwama pale ukutani."

Ukuta aliousema ni wa zege. Serikali iliujenga zamani kuzuia kokoto, chini kidogo ya daraja. Mafuriko huwashusha kuhua upande wa chini, na wakishashuka hawawezi kuupanda kurudi. Ukame ukija, maji yanazama ndani ya kokoto, yanabaki madimbwi, na madimbwi yanapungua kila siku mpaka samaki wanalala ubavu. Miaka ya namna hiyo Shemeji ndiye alikuwa mtu wa ndoo. Anawateka chini, anawapandisha, anawaachia juu ya ukuta ambako maji hayakauki.

"Nani anawabeba mwaka huu?"

"Bado hatujaanza," nikasema. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekumbuka.

"Mabega yenu yameoza?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nesi akaja akanitazama vibaya. Shemeji alipotulia alifumba macho, nikadhani amelala. Neno langu lilikuwa limeshafika mdomoni. Akasema bila kufumbua macho, "Lien amekula?"

Nikalimeza lile neno. Huwezi kumwambia mtu anayeuliza vile kwamba mkewe anataka kumharibia mto. Atafanya nini nalo, pale kitandani, usiku kucha?

"Nitampelekea chakula," nikasema.

Nilirudi na basi la jioni huku kichwani ile ndoo inanizunguka. Nikapika tambi za mchuzi na vitunguu vya kukaanga, na mboga za chumvi pembeni kama apendavyo, nikazipeleka. Dada alikuwa kibarazani anamenya karanga gizani. Taa hakuwasha.

"Mumeo anauliza umekula?"

Akachukua bakuli bila kunitazama. Alikula zote. Nilipoona kijiko kimegonga chini ya bakuli, nikasema.

"Dada, chini ya ukuta kuna kuhua wamekwama. Madimbwi yanakauka. Kabla ya mwisho wa mwezi watakuwa wameoza. Wale nao ni roho."

"Najua unakotaka kunipeleka."

"Ukiwatoa pale, umewaokoa na kifo. Kambare wa Wu hawakuwa wanakufa, walikuwa wanakula pumba na kunenepa."

"Nilisema kambare, Shun. Nilipiga magoti nikasema kambare." Sauti ikamkatika, akakohoa kuificha. "Pale si dukani kwako, kwamba mtu anaagiza tambi kavu halafu anasema, aa, nibadilishie, niwekee za mchuzi. Nikibadilisha na Huo akafa, mimi nitakaa na nini? Niambie."

Hapo ndipo nilipoiona hofu yake nzima, na nikamwonea huruma. Hakuwa mkaidi, maskini. Alikuwa ameshika uzi mmoja tu, na mimi namwambia auachie ashike mwingine.

"Basi tukamuulize Mama Kuanyin mwenyewe," nikasema.

Asubuhi tukaenda hekaluni. Mzee Fan, mlinzi wa hekalu, alikuwa anafagia majivu ya ubani. Sisi tuna wajukuu, lakini yeye anatuita wasichana.

"Wasichana wa Peng," akasema. "Mmoja ana macho mekundu na mwingine ana uso wa kugombana. Mnataka vipande?"

Akatuletea vile vipande viwili vya mti vyekundu, vilivyopinda, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Unauliza, unavirusha sakafuni. Kimoja kikilala bapa na kimoja mviringo, Mama Kuanyin amekubali. Vyote mviringo juu, amekataa. Vyote bapa juu, anakucheka, maana yake swali lako halieleweki, kaliulize vizuri. Jambo kubwa kama nadhiri, lazima akubali mara tatu mfululizo.

Dada akapiga magoti. Nami nikapiga kando yake.

"Mama," akaanza, "ni mimi Lien wa Peng, mke wa Tseng Huo, nilikuja juzi. Sasa huyu mdogo wangu anasema kambare si wazuri, mimi sijui, lakini nadhiri ni nadhiri, ila kuna hawa wengine wamekwama, sasa sijui utawahesabu hao, au nichanganye nusu kwa nusu, au hao kwanza halafu kambare baadaye mto ukijaa, au vipi?"

Akarusha. Vyote bapa juu.

"Anakucheka," Mzee Fan akasema, akiendelea kufagia.

"Nimeona."

"Umemuuliza maswali manne kwa mpigo. Hata mimi nimepotea."

"Hebu nipe nimuulize mimi," nikasema. Nikakohoa. Nimezoea mikutano, nikajua namna ya kulipanga. Nikamweleza Mama Kuanyin hali ya maji, faida za samaki wa asili, madhara ya samaki wa kigeni, na mapendekezo ya kamati. Nikarusha. Vyote bapa juu tena, na kimoja kikaruka mpaka chini ya meza ya matunda.

Mzee Fan aliinama juu ya ufagio wake, mabega yanamcheza. "Huyo umemsomea barua ya serikali."

Dada naye midomo ilimtetemeka, na mara ya kwanza tangu Shemeji alazwe nikamwona anataka kucheka. Hakucheka. Alienda kukitoa kile kipande chini ya meza, akakifuta kwa mkono wa shati lake, akarudi akakaa juu ya visigino.

"Mama," akasema polepole, "kuna wanaokufa mlangoni kwangu. Nikiwabeba hao badala ya wale, utamrudisha mume wangu nyumbani?"

Nikamnong'oneza, "Sema arudi apone. Sema akae miaka mingi."

"Usinifundishe uchoyo mbele za watu," akanijibu bila kugeuka. "Arudi nyumbani. Basi."

Akarusha. Kimoja bapa, kimoja mviringo. Akarusha tena, vilevile. Mara ya tatu kimoja kilisimama kwa ubavu, kikazunguka, kikazunguka, na mimi nilikuwa nimemshika dada mkono mpaka kesho yake ukawa na alama. Kikalala mviringo. Mwenzake alikuwa bapa.

Dada akaweka paji la uso sakafuni, akakaa hivyo. Mzee Fan akaacha kufagia. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Lakini Wu alikuja na lori lake Jumamosi vilevile. Nilimpigia simu asije, akasema hela ameshaila, samaki ni wetu. Alisimamisha lori darajani, tangi likiwa limejaa mpaka maji yanamwagika, na wanawake wa hekaluni walikuwa wameshafika na majoho yao ya kijivu.

"Mama, mimi sina shida," Wu akasema. "Nirudi nao? Kesho kuna kundi jingine linaachilia mto wa upande wa pili wa mlima. Watachukua wote."

"Kwa hiyo watakwenda kuharibu mto wa watu wengine," nikasema.

"Mimi nauza samaki, mama. Kuharibu ni nyie."

Nilitaka kumvua kofia nimpige nayo. Dada alikuwa amepanda kwenye gurudumu, anachungulia tangini. Kambare wamejazana, wanatoa vichwa juu ya maji na kutweta.

"Wana masharubu ya Huo," akasema. Kisha akashuka, na nikajua anatangaza. "Wapeleke kwenye tangi la shambani."

Shemeji ana tangi la kumwagilia chai kule juu kilimani, kubwa, la zege, kuta pande zote. Nikasema sawa, ila kwa sharti langu. Nilikwenda mwenyewe nikafunga wavu wa chuma kwenye tundu la kutolea maji, tabaka mbili, nikazungushia ukingo wote mabati yaliyoinamia ndani, nikajikata kidole, nikamtukana Wu na ukoo wake. Namjua kambare. Ukimwachia nafasi ya kidole atatembea mpaka barabarani.

Halafu wote tukashuka madimbwini. Sijawahi kuona kitu kama kile, wanawake wazima wamepandisha majoho mpaka magotini, vyandarua mkononi, dua mdomoni. Tukawateka, tukawatia ndoo, tukazipokezana mtu kwa mtu kwenye ngazi ya pembeni ya ukuta, tukawaachia juu. Kila ndoo dada aliigusa kwa kiganja na kusema jina la mumewe. Mara moja aliteleza akakaa majini mpaka kiunoni, na ndoo akaishikilia juu ya kichwa, haikumwagika. Humo mlikuwa na kuhua mmoja mkubwa, mnene, jike lililojaa mayai. Dada alikataa kulipokeza. Alipanda nalo mwenyewe, maji yanamchuruzika kwenye suruali, akaliinamishia ndoo taratibu. Likakaa kidogo pembeni ya jiwe kama linalofikiri, kisha likaondoka.

Tulirudi siku iliyofuata, na nyingine, mpaka madimbwi yakabaki maji tu. Kama walifika elfu, sijui. Dada hakuhesabu, na mimi sikumuuliza.

Shemeji alirudi nyumbani wiki ile chai ilipoanza kuchipua. Daktari alisema apumzikie kwake, na sisi watu wazima tunajua maana ya maneno hayo. Dada pia alijua. Lakini alimfulia mashuka, akampikia uji wa mchele na kuku, akamkalisha kwenye kiti cha mianzi kibarazani, akatamba kijiji kizima kwamba Mama Kuanyin hakumwangusha.

"Nani kaniwekea wale wenye masharubu kwenye tangi langu?" Shemeji akaniuliza siku ya kwanza.

"Mkeo."

"Nimeambiwa wananifanana."

"Wao ni wanene zaidi."

Mchana jua likipoa, tulikibeba kile kiti naye akiwa ndani yake mpaka darajani. Mvua zilikuwa zimeanza, maji yamepanda juu ya Jiwe la Kobe, na juu ya ukuta kuhua wanawaka kwenye mawe, hapa, pale, tena pale. Shemeji aliangalia weee, mpaka nikafikiri amesinzia. Kisha akamvuta dada mkono.

"Uliowabeba ndio hao?"

"Ndio hao."

"Wako yupi?"

Dada akainama juu ya ukingo, akaangalia kwa makini, kama anachagua kabichi sokoni. Akanyoosha kidole. "Yule mnene."

"Mwongo wewe," Shemeji akasema, akacheka, na safari hii hakukohoa. Kila siku baada ya hapo alimuuliza swali lile, na kila siku dada alimwonyesha samaki mwingine na kuapa ni yuleyule.

Miti ya tung ikachanua, mlima ukawa mweupe, ikapukutisha maua yake mtoni. Maua yalipokwisha, Shemeji Huo naye akafa, asubuhi, dada akiwa anamchania nywele.

Nitasema lililokuwa moyoni mwangu. Nililia kwa ajili ya Shemeji, lakini zaidi niliogopa. Nilingoja dada aniambie neno moja. Ungeniacha nimwage wale kambare, Huo angekuwa hai. Nilijua liko mahali fulani kifuani mwake, na nilijua likitoka hatutakuwa ndugu tena kama zamani. Siku zote za matanga nilipika, nikaosha vyombo, nikapokea wageni, na yeye alinijibu ndiyo na hapana. Usiku sikulala.

Siku ya mazishi watu walileta bahasha nyeupe za rambirambi kama kawaida, na dada alisimama mbele ya jeneza akatangaza kwamba hatachukua hata moja. Zote ni hela ya maji. Waliokuwa wametia kidogo wakaonekana wanarudi mifukoni kuongeza, hata Wu, ambaye alikuja amevaa tai. Dada alinikabidhi begi la bahasha zile mbele ya watu wote, akanitazama usoni, nikadhani sasa atalisema. Akageuka akaenda kukaa.

Kwa begi lile na michango ya watu wa mjini waliosikia habari, kamati ikapata ruhusa na mafundi, tukaukata ule ukuta katikati. Haukubomolewa wote. Ulichongwa ngazi za mawe ambazo maji yanashuka taratibu, samaki anapanda moja, anapumzika, anapanda nyingine. Kazi ilikwisha majira ya kupukutika majani. Siku ya kufungulia maji kijiji kizima kilikuja. Dada pia alikuja, amebeba ndoo.

"Ya nini hiyo?" nikamuuliza.

"Nimezoea," akasema.

Watu walipokwenda kula, tukabaki sisi wawili kwenye ukingo. Sikuweza tena. Nikasema, "Dada, una hasira na mimi?"

Aliigeuza ile ndoo chini juu, akaikalia.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Siku ya mazishi nilikuwa nayo mpaka nikaogopa kufungua mdomo. Nilikuwa nafikiri, huyu Shun na samaki wake. Ningewamwaga wale kambare, labda Huo angekaa mpaka tuvune chai ya majira ya baridi. Labda angekaa mwaka mwingine. Nani ajuaye."

Nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni, sikuyafuta.

"Halafu nikakumbuka alivyokuwa anakaa pale," akaonyesha mahali pa kile kiti, "ananiuliza kila siku, wako yupi, wako yupi." Akageukia maji. "Sasa kama ningemwaga kambare, Shun, ningemwonyesha nini?"

Nikamshika mkono, na yeye akaniacha niushike. Chini yetu maji yalikuwa yanapita kwenye ngazi mpya, meupe kidogo kwa vumbi la zege. Kwenye ngazi ya pili kitu kikawaka mara moja.

"Yule pale," dada akasema, akasimama. "Yule mnene."

Alikuwa kitoto cha mwaka huu, mwembamba kama kijiti cha kulia tambi. Nikamwambia ndiye, ndiye kabisa.